Sura ya Sita: Fedha Zikifika Zahanati

Mahitaji ya zahanati ya kijijini ni madogo, lakini hayana likizo. Mtungi wa gesi wa friji ya chanjo. Jiki, sabuni, glavu. Mafuta ya pikipiki ya kufuata chanjo. Posho ya mlinzi wa usiku. Koki ya bomba la chumba cha kujifungulia. Huko Umalila, Kitulo na Makete, ambako Juni na Julai umande huganda juu ya majani, ongeza mablanketi na maji ya moto, maana kichanga aliyezaliwa kabla ya siku zake huweza kufa kwa baridi hata kama kabati la dawa limejaa.

Vitu hivi vyote vinauzwa madukani, Mbalizi, Mafinga, Tukuyu au Ilula, na bei zake zinajulikana. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu mwenye ruhusa ya kwenda kuvinunua leo.

Kwa miaka mingi ruhusa hiyo ilikaa makao makuu ya wilaya. Mganga mfawidhi aliandika barua, barua ikafika kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, ikasubiri fedha za robo mwaka, ikasubiri taratibu za manunuzi, halafu ikasubiri gari. Kutoka kata za Kilolo zilizo upande wa milima ya Udzungwa, au kutoka Kambikatoto, kaskazini kabisa mwa Chunya, kwenda kuifuatilia barua hiyo ni nauli, chakula na malazi. Na zahanati ilikuwa ikibaki bila mtu, kwa sababu mfawidhi ndiye tabibu, ndiye karani, na pengine ndiye mkunga. Tunapozungumzia afya ya pembezoni tunataja sana ubovu wa barabara, na tuna haki. Lakini katika nyanda hizi za Juu Kusini umbali kati ya mgonjwa na saini ya malipo umekuwa tatizo kubwa vilevile, na tofauti na mlima, huo unaweza kufupishwa kwa uamuzi wa mezani.

Uamuzi huo ulifanyika katika mwaka wa fedha 2017/18. Tangu hapo sehemu ya fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, ule ambao watumishi wengi huuita basketi fandi, ikaanza kutoka Hazina moja kwa moja hadi akaunti ya benki ya kituo chenyewe. Kila zahanati ya serikali ikatakiwa kuwa na akaunti yake, mpango wake wa mwaka, na vitabu vyake vya hesabu katika mfumo wa FFARS, uliojengwa kwa msaada wa Marekani. Kabla ya hapo mfawidhi wa zahanati alisikia tu kwamba fedha za afya zimeingia wilayani. Sasa anaziona zikiingia kwake. Si nyingi. Kwa zahanati ni laki kadhaa, au milioni chache, kwa robo mwaka. Lakini laki kadhaa zilizo mkononi mwa mtu anayejua kwamba gesi itakwisha Alhamisi zina thamani ambayo mamilioni ya wilayani hayakuwa nayo.

Nimekaa katika kikao cha kamati ya usimamizi wa zahanati moja ya Umalila, na nilichokiona pale kilinifundisha zaidi ya miongozo yote niliyoisoma. Kikao kilifanyika barazani, kwenye mabenchi ya wagonjwa, baada ya kliniki ya asubuhi kwisha. Wajumbe walikuwa wakulima wa viazi na pareto, mwalimu mmoja mstaafu, na mwakilishi wa serikali ya kijiji. Mfawidhi, kijana ambaye wote walimwita Daktari japo ni tabibu, alisoma salio, akasoma kilichoingia kutoka basketi fandi, cha CHF, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, na cha malipo ya papo kwa papo ya wagonjwa, kisha akaanza matumizi. Alipofika kwenye matengenezo madogo, shilingi 280,000, mama mmoja aliyekuwa amejifunga kanga mbili mabegani kwa baridi alinyoosha mkono.

“Daktari, matengenezo gani hayo?”

“Mama, ni lile tangi la maji na koki zake.”

“Tangi tunaliona. Koki ngapi?”

“Nne.”

“Mimi nimemleta mjukuu wangu juzi, nikaziona tatu.”

Mwenyekiti hakusema neno. Alisimama, na kamati nzima ikamfuata mpaka nyuma ya jengo, kwenye tangi, halafu chumba cha sindano, halafu chumba cha kujifungulia. Koki ya nne ilikuwa imefungwa kwenye sinki jipya la chumba cha wazazi, mahali ambapo bibi huyo asingeingia. Aliifungua, maji yakatoka, akasema, “Haya, tuendelee.” Wakarudi kwenye mabenchi.

Mkaguzi yeyote kutoka Dodoma angehitaji safari ya siku mbili na posho ya kujikimu ili kuhakiki koki ile. Kamati ilitumia dakika tano. Hapo ndipo penye nguvu ya utaratibu huu, na hapo hapo pana udhaifu wake: pale ambapo kamati imeundwa kwenye makaratasi tu, wajumbe wakaitwa kusaini muhtasari ulioandikwa tayari, fedha iliyokaribishwa kijijini imekaribishwa pia kwa mtu mmoja. Mfawidhi mwenye mgonjwa mlangoni, mama mwenye uchungu ndani na vitabu vya hesabu mezani ana kazi tatu, na mafunzo yake ni ya moja tu kati ya hizo. Wahasibu wasaidizi wapo, lakini mmoja huhudumia kituo cha afya na zahanati kadhaa zinazokizunguka, naye hana pikipiki. Ningekuwa mtu wa kupanga bajeti, pikipiki ya mhasibu huyo ningeiweka mbele ya kongamano lolote.

Fedha zenyewe zinagawanywa vipi hata zikafika? Mfuko wa Pamoja ulianza mwaka 1999, baada ya Serikali na wafadhili kadhaa kukubaliana kuweka fedha katika kapu moja. Nyanda za Juu Kusini zilikuwa na sababu ya kulipokea jambo hilo kwa furaha, kwa kuwa zilizoea kugawanywa na wafadhili kwa sekta na kwa mkoa. Wadenmark walikuwa kwenye maji ya vijijini, Wajerumani walikuwa na mpango wao wa UKIMWI mkoani Mbeya tangu 1988, na fedha za Italia zilipita UNICEF na Shirika la Afya Duniani kuingia kwenye lishe mkoani Iringa. Kila mmoja alikuja na fomu zake na magari yake, na mfadhili alipoondoka, gari likaegeshwa.

Mwaka 2004 ikaja kanuni ya kugawa ruzuku ya afya kwa halmashauri: asilimia 70 kwa idadi ya watu, asilimia 10 kwa umaskini, asilimia 10 kwa vifo vya watoto wa chini ya miaka 5, na asilimia 10 kwa urefu wa njia ambazo gari la afya hupita wilayani. Ilikuwa hatua ya haki, kwa sababu kabla yake wilaya ilipata fedha kulingana na idadi ya vitanda na watumishi iliyokuwa nayo, na aliyenacho akaendelea kuongezewa. Hata hivyo, ile asilimia 10 ya njia haimtendei haki mtu wa milimani. Kilomita ni kilomita kwenye hesabu. Kwenye barabara ya Chimala kupanda Matamba, yenye kona zaidi ya 50, kilomita hiyo hiyo inakula mafuta, matairi na muda kuliko kilomita ya lami ya Igawa au Makambako. Halmashauri ya Makete, iliyokuwa Iringa hadi Njombe ilipofanywa mkoa mwaka 2012, ina watu wachache walioketi juu ya migongo ya milima. Kanuni inayohesabu vichwa kwanza itaiona ndogo daima.

Kuna upande wa pili wa mfuko, ambao ni wa wananchi wenyewe. Baada ya uhuru matibabu ya serikali yalikuwa bure, na baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 mkazo ulihamia vijijini. Nchi iliyokuwa na vituo vya afya vya vijijini 22 tu mwaka 1961 ikavijenga kwa mamia katika miongo miwili iliyofuata. Uchumi ulipoanguka, majengo yalibaki na dawa zikaisha. Mwaka 1993 ukaja uchangiaji, ukianzia hospitali za rufaa na za mikoa kisha kushuka wilayani. Mwaka 1996 Igunga ikajaribu Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, na mwaka 2001 Bunge likautungia sheria: kaya inalipa mara moja kwa mwaka, na Serikali inaongeza kiasi kile kile, tele kwa tele. Mwaka 2018 mfuko uliboreshwa. Kaya ya watu wasiozidi 6 vijijini ikawa inalipa shilingi 30,000 na kutibiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Afisa mwandikishaji anakuja mlangoni na simu, anapiga picha, anaandika.

Kwa nini basi wengi hawajaandikishwa? Hadi Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote inapita bungeni Novemba 2023, ni Watanzania wapatao 15 tu kati ya 100 waliokuwa na bima ya aina yoyote. Wapo wanaosema wananchi hawana elimu ya bima. Sikubaliani nao, angalau kwa nyanda hizi. Mkulima wa Isuto au wa Mufindi anaielewa bima kwa sababu anachangia vikundi vya kuzikana na vya kukopeshana tangu ujanani. Anachokipima ni mambo mawili. La kwanza ni msimu. Fedha ya mahindi na viazi iko mkononi kati ya Juni na Septemba. Mwezi wa Februari, mvua ikiwa imekaza, chakula ghalani kimepungua, mbolea imekopwa, na watoto wanakohoa, shilingi 30,000 hazipo. Uandikishaji unaofuata kalenda ya mwaka wa fedha badala ya kalenda ya shamba unamkuta mtu akiwa mtupu. Wapanda chai wa Rungwe, wanaolipwa kwa mwezi, na wavuna mpunga wa Usangu, wanaolipwa kwa mkupuo, hawawezi kufuatwa siku moja kwa namna moja.

La pili ni dawa. Mtu akilipa, akafika dirishani, akaandikiwa cheti na kuambiwa akanunue duka la nje, mwaka ujao halipi, na jirani yake aliyemsikiliza halipi pia. CHF ilikufa kwa namna hii katika vijiji vingi, si kwa sababu ya bei. Ndiyo maana majaribio yaliyofanya kazi yalikuwa yale yaliyoanza na huduma. Tumaini la Mama, mpango uliofadhiliwa na Wajerumani kupitia benki ya KfW na kusimamiwa na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kuanzia mwaka 2012 katika mikoa ya Mbeya na Tanga, uliwakatia bima wajawazito maskini, na familia zao zikaingizwa CHF. Mama alikuja na kadi yenye fedha nyuma yake, na kituo kikalipwa kwa kumhudumia. Mwanamke mwenye kadi ya namna hiyo haombi msamaha wa malipo. Ni mteja, na tofauti hiyo unaiona hata katika sauti anayojibiwa nayo dirishani.

Tuiangalie basi dawa. Bohari ya Dawa iliundwa kwa sheria ya mwaka 1993, na kanda zake za Mbeya na Iringa ndizo zinazolisha nyanda hizi. Zahanati hutuma maombi, na shehena huja na karatasi yenye alama zinazojulikana na kila muuguzi: OS, yaani haipo stoo. Zamani OS ilikuwa mwisho wa habari. Mwaka 2014 Dodoma ilianzisha utaratibu wa mshitiri: mkoa unashindanisha wafanyabiashara wa dawa, unamchagua mmoja kwa mkataba na bei zilizokubaliwa, na kituo kikikosa dawa Bohari kinaagiza kwake kwa fedha yake. Mwaka 2018 utaratibu huo ukaenea nchi nzima. Angalia jinsi mambo yanavyoshikana. Mshitiri hana faida kwa zahanati isiyo na akaunti. Akaunti haina faida ikiwa haina mapato ya CHF na papo kwa papo ya kuongezea ruzuku. Na CHF haiuziki bila dawa. Ukivuta uzi mmoja, mwingine unakatika, na ndiyo sababu ya kuumia moyo ninaposikia halmashauri imeamua “kuazima kidogo” fedha za vituo kwa ajili ya jambo jingine la dharura.

Kwa upande wa majengo, miaka ya karibuni imekuwa ya neema. Fedha za ujenzi zimeshuka kwa viwango ambavyo hata diwani anavikariri: shilingi milioni 50 kumalizia boma la zahanati ambalo wananchi wamelipandisha kwa nguvu zao, milioni 400 au 500 kwa kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji, bilioni 1.5 kuanzia hospitali mpya ya wilaya, ambazo katika bajeti ya 2018/19 zilipangwa 67 kwa mkupuo. Tozo za miamala ya simu za mwaka 2021 na mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa Shirika la Fedha la Kimataifa uliotolewa kwa ajili ya UVIKO-19 viliongeza kasi hiyo. Siwezi kulidharau boma. Nimeona wanawake wa Kilolo wakibeba mchanga kichwani kwa zamu za vitongoji, kila kaya na ndoo zake, na jengo walilolipata wanalilinda.

Lakini jengo halitibu, na hapa watumishi ndio mgogoro. Aprili 2017 Serikali ilitangaza watumishi wa umma 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Walipoondolewa, zahanati za mbali ziliumia zaidi, kwa kuwa ambako mtumishi alikuwa mmoja, kuondoka kwake kulikuwa kuondoka kwa huduma. Ajira mpya zimekuja kwa maelfu tangu hapo, lakini anayepangiwa kijiji kisicho na nyumba ya mtumishi huanza kutafuta uhamisho kabla hajafungua sanduku. Halmashauri zenye mapato hujitetea kwa kuajiri watu wa mkataba. Mufindi ina misitu ya mbao na chai, Chunya ina dhahabu inayolipia ushuru wa huduma. Ileje haina hiki wala kile. Kwa hiyo mtoto wa Ileje na mtoto wa Chunya, walioishi ndani ya mkoa mmoja wa Mbeya hadi Songwe ilipozaliwa mwaka 2016, hawana nafasi sawa ya kumkuta nesi kituoni, na sababu yake ni madini yaliyo chini ya miguu ya mmoja wao.

Pengo hilo kwa vizazi vingi limezibwa na makanisa. Ukichora ramani ya hospitali za nyanda hizi kabla ya ujenzi wa karibuni, unachora ramani ya misheni: Tosamaganga na Ilula upande wa Iringa, Ilembula, Ikonda na Bulongwa upande wa Njombe, Chimala, Ifisi, Igogwe, Itete na Matema upande wa Mbeya. Mwaka 1992 Serikali na makanisa walitiliana saini makubaliano, ikaundwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, na baadhi ya hospitali hizo zikawa hospitali teule za wilaya, zikipokea ruzuku na watumishi wa serikali kwa mkataba wa huduma. Makubaliano yalikuwa mazuri. Utekelezaji umeyumba, kwa kuwa ruzuku ikichelewa, hospitali ya kanisa haina Hazina ya kuikimbilia, hupandisha ada. Na anayeshindwa ada ni yule yule mkulima wa Februari. Hospitali mpya ya halmashauri ikifunguliwa jirani, watumishi wa serikali huweza kuhamishiwa huko, na wilaya ikajikuta na majengo mawili yenye nusu ya watu. Ikonda imeponea kwa jina lake, maana wagonjwa wanapanda mabasi kutoka mikoa ya mbali kuifuata huko juu milimani. Hospitali nyingine hazina bahati hiyo, na nadhani halmashauri zingepaswa kukaa nazo mezani na kugawana huduma kabla ya kununua mashine ya pili ya eksirei.

Usafiri wa dharura ni sehemu moja ambayo naweza kuizungumzia kwa furaha. Ambulensi ya wilaya ni moja au mbili, na ikiwa imepeleka mgonjwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, mjamzito wa upande wa pili anasubiri. Mpango wa m-mama, ulioanza Sengerema na Shinyanga na kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022, ulifanya jambo rahisi: namba ya bure, 115, chumba cha kupokea simu mkoani, na madereva wa kawaida wa kijijini waliosajiliwa. Ambulensi isipopatikana, dereva mwenye Noah anaitwa, anambeba mama hadi kituo kinachoweza kumhudumia, na nauli yake inaingia kwenye simu yake baada ya kufikisha. Dereva haandiki barua. Haendi wilayani kudai. Vifo vitokanavyo na uzazi nchini vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika utafiti wa 2022, na ingawa sababu ni nyingi, kumfikisha mama mapema ni mojawapo.

UKIMWI una habari yake, na ni nzito. Utafiti wa 2007/08 ulikuta asilimia 15.7 ya watu wazima wa mkoa wa Iringa wa wakati huo wakiishi na virusi, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote nchini. Katika utafiti wa 2022/23 Njombe ilikuwa na asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Kiwango kinabaki juu kwa sababu pia watu wanaishi, na wanaishi kwa dawa zilizolipiwa kwa sehemu kubwa na Marekani kupitia mpango wake wa PEPFAR, pamoja na Mfuko wa Dunia. Kwa Mbeya na jirani zake mkono wa Marekani ulipita kwa miaka mingi katika mpango wa Walter Reed wa jeshi lake. Fedha hizi zilikuwa na njia yake pekee: ofisi zake, magari yake, makarani wake wa takwimu waliokaa chumba kimoja na nesi wa serikali kwa mshahara wa mfuko mwingine. Januari 2025 Rais mpya wa Marekani alipositisha misaada ya nje, makarani na wahudumu wa kufuatilia wagonjwa walipokea ujumbe wa kusimama kazi. Dawa hazikutoweka kabatini. Walioondoka ni wale waliojua kwamba mama fulani hajachukua dawa mwezi huu kwa sababu amekwenda kuvuna chai, na kwamba akipigiwa simu ya dada yake atapatikana. Bajeti ya 2025/26 imeanza kutenga tozo za ndani kwa ajili ya Mfuko wa UKIMWI na bima kwa wote, na ni hatua ya kuungwa mkono kwa nguvu. Kazi iliyobaki ni kumrudisha yule mfuatiliaji, safari hii akilipwa kutoka akaunti ya kituo anachokitumikia. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024, unaolenga watu 137,294 nchi nzima, unaweza kuwa mlango wake.

Nyanda hizi zimewahi kuufungua mlango huo. Kati ya 1983 na 1988, mkoani Iringa, mpango wa lishe wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za Italia uliingia vijiji 168. Kila robo mwaka ilikuwapo siku ya afya ya kijiji. Mizani ilitundikwa, mtoto akaingizwa kwenye suruali ya kupimia, uzito ukaandikwa kwenye kadi, na mama akaona mwenyewe kama alama imeangukia kijani, kijivu au nyekundu. Kila kijiji kilikuwa na wahudumu wake wa afya, waliochaguliwa hapo hapo. Sehemu iliyoleta mabadiliko ilikuja jioni. Majina ya watoto waliopungua yalipelekwa kwenye serikali ya kijiji, na wazee wakalazimika kujibu: mtoto huyu amepungua kwa nini? Mama yake yuko shambani kutwa? Anakula mara ngapi? Kuhara? Kisha wakaamua kwa walichokuwa nacho. Kijiji kimoja kilianzisha mahali pa kulishia watoto wakati wa kilimo, kingine kikapunguzia wajawazito kazi za ujamaa, kingine kikatenga fedha ya kumlipa mhudumu. Utapiamlo mkali ulishuka kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8, na watoto wenye uzito pungufu kutoka asilimia 56 hadi 38. Mfumo wa UNICEF wa kuchambua sababu za utapiamlo, unaofundishwa leo vyuoni duniani kote, ulipikwa Iringa.

Leo mkoa huo huo unaongoza kwa udumavu. Utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka 5 wa Iringa wamedumaa, wakati wastani wa taifa ni 30, na Njombe na Rukwa ziko karibu na 50. Ni mikoa inayolisha nchi mahindi. Fedha za mradi zilipopungua, mizani ikabaki kuwa kazi ya kliniki: mtoto anapimwa, kadi inaandikwa, mama anaambiwa ampe mboga za majani, na serikali ya kijiji haisikii lolote. Kipimo kiliondolewa mbele ya watu wenye uwezo wa kuamua.

Kinachonipa matumaini ni kwamba vipande vyote vimerudi mezani. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, SALIKI, ipo kwenye mwongozo na inatakiwa kufanyika kila robo. Mkataba wa lishe unaotiwa saini na viongozi wa mikoa unaitaka kila halmashauri itenge shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5 kutoka mapato yake ya ndani. Halmashauri yenye watoto 30,000 inadaiwa shilingi milioni 30 kwa mwaka, fedha ambayo ushuru wa mbao wa Mufindi unaiweza. Tatizo ni kwamba kutenga si kutoa. Fedha ikiandikwa Julai na kutolewa Juni, katika wiki za mwisho za mwaka wa fedha, huishia kwenye semina, kwa sababu semina ndiyo kitu pekee kinachoweza kununuliwa haraka kiasi hicho. Ikitolewa Oktoba na kuingia kwenye akaunti za zahanati, inanunua mizani, unga wa lishe na posho ya mhudumu kabla ya miezi ya njaa. Diwani anayetaka kujua halmashauri yake iko upande gani aombe kwa afisa lishe karatasi mbili kabla ya kikao cha baraza cha Januari: tarehe ambazo ile elfu moja moja ilitolewa, na orodha ya watoto waliopimwa katika robo iliyopita, kijiji kwa kijiji.